Fahali Wawili Zizi Moja: Kamandi ya Mseto ya Anga ya China na Marekani, 1943–1945

Tarehe 1 Oktoba 1943, katika kambi ya Malir nje ya mji wa Karachi, ambao wakati huo ulikuwa sehemu ya India ya Waingereza, ilianzishwa rasmi Kamandi ya Mseto ya Anga ya China na Marekani. Ndege zake zilitoka viwanda vya Marekani, lakini zilipakwa nembo ya Jeshi la Anga la China: jua jeupe lenye miale 12 ndani ya duara la buluu. Amri za vita zilitoka kwa Claire Lee Chennault, jenerali wa Marekani aliyeongoza Jeshi la 14 la Anga, ilhali askari wengi wa kamandi walikuwa raia wa China walioapa utii kwa serikali ya Chiang Kai-shek. Na nafasi za uongozi ziliwekewa wenyewe wawili: kamanda Mmarekani na kamanda Mchina, mkuu wa operesheni Mmarekani na mwenzake Mchina, kuanzia makao makuu mpaka kwenye kikosi.

Majeshi mengi hukimbia mpango wa namna hiyo. Wahenga walishasema fahali wawili hawakai zizi moja, na vitani amri yenye vinywa viwili huua watu. Hata hivyo hawa wawili walikaa zizi moja karibu miaka miwili, wakapigana kuanzia mwambao wa kusini wa China hadi madaraja ya Mto Manjano, na walipoachana vita vilikuwa vimekwisha. Walivyoweza kukaa pamoja, na gharama aliyoilipa kila mmoja, ndiyo historia inayostahili kukumbukwa kila tarehe 1 Oktoba inaporudi.

Anga isiyo na mwenyewe

Vita vya Japani dhidi ya China vilipopamba moto mwaka 1937, Jeshi la Anga la China lilikuwa changa lakini halikuwa goigoi. Tarehe 14 Agosti mwaka huo, marubani wa Kundi la 4 chini ya Gao Zhihang walizivamia ndege za mabomu za Japani karibu na Hangzhou na kuziangusha baadhi yake. Siku hiyo bado inaadhimishwa Taiwan kama Siku ya Jeshi la Anga. Gao mwenyewe aliuawa kabla ya mwaka kwisha, na pamoja naye waliteketea wengi wa marubani wa kizazi cha kwanza. Umoja wa Kisovieti ulileta ndege na marubani wa kujitolea, wakaziba pengo kwa muda.

Pigo kubwa lilikuja tarehe 13 Septemba 1940. Juu ya Bishan, karibu na Chongqing, Wajapani walizitumia kwa mara ya kwanza katika mapigano ya angani ndege zao mpya aina ya Zero. Kwa muda usiofika saa moja, zaidi ya ndege 10 za China zilidondoshwa, na hakuna Zero hata moja iliyoanguka. Tangu hapo, kwa zaidi ya mwaka mzima, ndege za Japani zilipiga mabomu Chongqing, mji mkuu wa wakati wa vita, karibu zitakavyo. Wananchi walijificha kwenye mapango yaliyochongwa miambani, na marubani wa China waliamriwa kuzihamisha ndege zilizobaki zisije zikaishia ardhini.

Chennault aliyaona hayo yote kwa macho yake. Alikuwa amefika China mwaka 1937 akiwa kapteni mstaafu, sikio lake moja zito na sifa yake ya ubishi ikiwa imemtangulia, akaajiriwa kuwa mshauri wa jeshi la anga ambalo kamisheni yake ilisimamiwa na Soong Mei-ling, mke wa Chiang. Mwaka 1941 alikusanya marubani wa Kimarekani wa kujitolea na ndege 100 za P-40, wakajulikana duniani kote kama Simbamarara Warukao. Walipigana vita vyao vya kwanza juu ya Kunming tarehe 20 Desemba 1941, na kundi lao lilivunjwa tarehe 4 Julai 1942. Sifa zao zilikuwa za haki, lakini hawakuiachia China jeshi la anga lake yenyewe. Simbamarara walikuwa wageni waliokuja kupigana kwa niaba ya mwenyeji. Marubani wa Kichina, wengi wao wakiwa hawana ndege za kurusha, walibaki watazamaji katika anga yao wenyewe.

Kutoka Arizona hadi Malir

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa imeshaanza kuchemshwa mbali sana na China. Kupitia mpango wa Marekani wa kuwapa washirika wake zana za vita, vijana wa Kichina walipelekwa kusomea urubani katika jimbo la Arizona. Walianzia uwanja wa Thunderbird, wakamalizia Luke, jangwani ambako mawingu ni nadra na mwanafunzi anaweza kuruka karibu kila siku. Kundi la kwanza lilihitimu mwaka 1942, na mengine yakafuata. Walirudi wakiwa na saa nyingi za kuruka, mbinu za Kimarekani, na Kiingereza cha redioni cha kutosha kuelewana na mtu aliye kwenye ndege ya pili.

Swali likawa watapigana chini ya nani. Kuwarudisha kwenye vikosi vya zamani, visivyo na vipuri wala petroli, kungekuwa kuyatupa mafunzo yao. Kuwamwaga mmojammoja ndani ya vikosi vya Marekani kungewafanya wasaidizi wa kudumu. Chennault alipendekeza njia ya tatu: kamandi moja, ndani yake Wachina na Wamarekani bega kwa bega, kwa lengo lililosemwa wazi kwamba Mmarekani angeondoka kidogokidogo kadiri Mchina anavyoimudu kazi. Kamandi ingekuwa na makundi matatu: Kundi la 1 la ndege za mabomu za B-25, na Makundi ya 3 na ya 5 ya ndege za kivita za P-40. Kila kundi lingekuwa na vikosi vinne.

Mafunzo ya pamoja yalianza Malir Agosti 1943. Eneo lile ni kame, vumbi lake huingia kwenye injini, na joto lake hulifanya bati la ndege lisishikike mchana. Karachi ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa mwisho wa njia ndefu ya kuletea zana. Sehemu ya njia hiyo ilipita Afrika: ndege zilivuka Atlantiki kutoka Brazil, zikatua Accra, zikakata bara kwa kupitia Kano na Khartoum, ndipo zikafuata mwambao wa Arabuni hadi Karachi. Marubani wa Simbamarara wenyewe walikuwa wametumwa Accra mwanzoni mwa 1942 kuchukua P-40 mpya na kuzirusha hadi China kwa njia hiyo.

Kila kiti, watu wawili

Kamanda wa kwanza wa Kimarekani alikuwa Kanali Winslow Morse. Chini yake, Kundi la 1 liliongozwa na Irving Branch pamoja na Li Xueyan, na Kundi la 3 likawa la Alan Bennett pamoja na Yuan Jinhan. Mpangilio huo uliteremka hadi kwenye vikosi. Kwenye ndege ya B-25, rubani aliweza kuwa Mmarekani na msaidizi wake Mchina, na nyuma yao mtupa mabomu, mwendesha redio na wapiga bunduki wa mataifa yote mawili. Kwenye ndege za kivita, kiongozi wa kundi dogo la ndege nne alikuwa Mmarekani mwanzoni, lakini Mchina baadaye.

Kwa maandishi, wawili hao walikuwa sawa. Kwa vitendo, Mmarekani alikuwa na neno la mwisho katika mambo ya vita, kwa kuwa petroli, mabomu na vipuri vilitoka kwao. Kamanda Mchina alikuwa na neno la mwisho juu ya watu wake: vyeo vyao, nidhamu yao na mishahara yao. Mambo yaliposhindikana huku na huku, wawili hao walilazimika kukaa chini na kuelewana, na mara nyingi waliketi na mkalimani katikati.

Wakalimani hao wanastahili aya yao. Marubani waliopitia Arizona waliweza kujitegemea, lakini fundi wa injini, mlinzi, dereva wa lori na mpishi hawakuwa wamefika huko. Jeshi lilikwenda vyuoni. Katika Kunming kulikuwa na Chuo Kikuu cha Pamoja cha Kusini-Magharibi, kilichoundwa na vyuo vitatu vilivyokimbia vita, yaani Peking, Tsinghua na Nankai. Mwaka wa masomo ulioishia 1944, wanafunzi wa kiume wa mwaka wa nne waliitwa kwenda kufanya kazi ya ukalimani jeshini. Kijana aliyekuwa akisoma falsafa au uchumi alijikuta chini ya bawa la ndege, akitafuta namna ya kumweleza fundi tofauti kati ya boliti iliyokazwa na boliti iliyokazwa kupita kiasi, huku ndege ikisubiriwa.

Kulikuwa pia na manung'uniko, na kuyaficha kungekuwa kuwakosea heshima waliovumiliana nayo. Mmarekani alilipwa dola. Mchina alilipwa fedha ya nchi yake, ambayo thamani yake ilikuwa ikiporomoka mwezi hadi mwezi, hata mshahara wa ofisa ukashindwa kulisha familia. Shirika la huduma la serikali ya China liliwahudumia Wamarekani kwenye mabweni yao kwa mayai na nyama katika nchi yenye njaa, na wenzao Wachina walikula wali na mboga chumba cha pili. Baadhi ya maofisa wa Kimarekani walifika wakiwa na dhana kwamba Mchina hawezi kuwa rubani mzuri, na ilibidi waione kazi yake angani ndipo wafunge midomo. Kubwa kuliko yote, Mmarekani aliyetimiza muda wake wa vita alirudishwa kwao. Mchina hakuwa na tarehe ya kurudi: aliruka mpaka afe, aumie au vita viishe.

Tofauti hiyo ya mwisho, ambayo haikuwa ya haki, ndiyo iliyogeuza mizani taratibu. Wamarekani walipokezana, wapya wakaja bila kuijua nchi, na mtu aliyebaki kwenye kiti akiwa anaujua kila mto, kila reli na kila uwanja wa dharura alikuwa Mchina. Kufikia mwaka 1945, rubani mgeni aliyetoka Marekani aliwekwa pembeni ya Mchina ili ajifunze.

Mawe, petroli na matufe

Kamandi hii isingeruka hata siku moja bila watu ambao majina yao hayamo kwenye orodha yoyote. Viwanja vya ndege vya China viliwekwa kwa mikono. Serikali za wilaya ziliagiza kila kijiji kitoe idadi fulani ya watu, na maelfu kwa maelfu ya wakulima walikuja na majembe yao na chakula chao. Wanawake na watoto walikaa chini wakaponda mawe kwa nyundo ndogo mpaka yakawa kokoto. Wanaume walizibeba kokoto kwa vikapu viwili vilivyoning'inia kwenye mti wa mianzi begani. Tabaka la mawe makubwa liliwekwa chini, kokoto juu yake, kisha udongo wa maji. Mwisho likaja rola: jiwe moja la mviringo lenye urefu wa kumzidi mtu mzima na uzito wa tani kadhaa, likivutwa kwa kamba na mamia ya watu wakiimba ili miguu yao iende pamoja. Aliyeteleza mbele ya jiwe hilo hakuwa na namna ya kuokolewa, kwa sababu rola halikuwa na breki.

Petroli nayo ilikuwa na safari yake. Tangu Wajapani walipoifunga Barabara ya Burma mwaka 1942, karibu kila kitu kiliingia China kwa ndege za mizigo kutoka Assam, kupitia milima ya mashariki ya Himalaya. Kufikia mwisho wa vita, ndege hizo zilikuwa zimevusha takriban tani 650,000 za mizigo, na mamia ya ndege yalipotea milimani. Ilipofika Kunming, petroli ilisafirishwa kwa mapipa, kwa lori mpaka barabara inapoishia, kisha kwa mashua, mikokoteni na migongo ya watu. Uwanjani ilipampiwa kwa mkono kuingia kwenye tangi la ndege, ikichujwa kwa ngozi laini ili maji na kutu visipite. Safari moja iliyoahirishwa kwa sababu ya mvua iliweza kumaanisha mapipa yaliyosafiri majuma mengi yakae tena, huku Wajapani wakisonga mbele.

Na palikuwa na matufe. Chennault alikuwa amejenga mtandao wa walinzi vijijini, wenye simu na redio, walioripoti kila mvumo wa ndege. Taarifa ilipofika uwanjani, tufe moja lilipandishwa kwenye mlingoti kueleza kwamba ndege za adui zinakuja. Mawili yalimaanisha zimekaribia, na la tatu lilipopanda mtu alitakiwa awe shimoni au angani. Mji mzima uliyatazama matufe hayo kabla ya kwenda sokoni. Usiku yalibadilishwa kwa taa.

Rubani aliyeangushwa alitegemea mtandao huohuo. Kwenye koti lake kulishonwa kitambaa chenye bendera ya China na maandishi ya Kichina yaliyomwomba mwananchi atakayemkuta amsaidie. Wengi walirudi kambini baada ya majuma, wakiwa wamepitishwa kijiji hadi kijiji usiku, na wanakijiji walijua kwamba Wajapani wakigundua adhabu yake ni kuchomewa nyumba au kuuawa.

Vitani

Vikosi vya kwanza, Kikosi cha 2 cha mabomu na Vikosi vya 28 na 32 vya ndege za kivita, vilifika eneo la Guilin kusini mwa China mwishoni mwa Oktoba 1943, na mapema Novemba vilikuwa vikiwinda meli za Japani mwambaoni. Tarehe 25 Novemba ndege za mabomu za kamandi zilishiriki shambulio ambalo Chennault alilisubiri kwa muda mrefu, dhidi ya uwanja wa Wajapani wa Shinchiku kisiwani Taiwan. B-25 zipatazo 14, zikisindikizwa na ndege 16 za kivita za Marekani, ziliondoka Suichuan, zikavuka mlango wa bahari zikiwa chini sana karibu na mawimbi ili zisionekane, zikawakuta Wajapani ndege zao zimepangwa uwanjani. Zote zilirudi salama.

Vikosi vingine viliendelea kuwasili kutoka Malir mpaka mwaka 1944. Kikosi cha 3 cha mabomu kilichelewa njiani kwa kazi nyingine: kilibaki Assam, kikasaidia majeshi ya nchi kavu yaliyokuwa yakipigania Myitkyina kaskazini mwa Burma. Katika miezi ya mwisho ya mwaka huohuo, upande wa magharibi wa Burma hiyohiyo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilikuwa ikishuka bonde la Kabaw katika tope la masika ya huko, ikilishwa kwa mizigo iliyodondoshwa na ndege. Wazee wetu waliorudi na habari za Burma walikuwa kwenye ncha moja ya vita hivi.

Mtihani wenyewe ulikuja Aprili 1944. Japani ilianzisha operesheni ya Ichi-Go, kubwa kuliko zote ilizowahi kufanya nchi kavu, ikiwa na lengo la kufungua reli kutoka kaskazini hadi kusini na kuviteka viwanja vya ndege vya Wamarekani. Wajapani walivuka Mto Manjano, wakaiteka Luoyang mwezi Mei, Changsha mwezi Juni. Hengyang ilishikilia siku 47, ikaanguka tarehe 8 Agosti. Kundi la 3 lilihamishiwa Liangshan na viwanja vya kaskazini, likaingia kazi ya kupiga madaraja ya Mto Manjano, treni na misafara ya malori. Kundi la 5 liliwekwa Zhijiang, magharibi mwa Hunan. Baadhi ya B-25 zilifungwa puani mzinga wa milimita 75, silaha ambayo kwa kawaida hukokotwa na askari wa mizinga, na kila ulipofyatuliwa ndege nzima ilitikisika.

Ndege pekee hazikuweza kulizuia jeshi la nchi kavu. Novemba 1944 Guilin na Liuzhou zilianguka. Kabla ya kuondoka, Wamarekani walivilipua viwanja vyao wenyewe, wakachoma mapipa ya petroli na kutoboa kwa mabomu njia za kurukia ambazo maelfu ya wakulima walizipondea mawe. Treni zilizoondoka Guilin zilijaa wakimbizi mpaka juu ya mabehewa.

Tarehe 18 Desemba 1944 ilifuata Hankou, ghala kuu la Wajapani kwenye Mto Yangtze. Makumi ya ndege za B-29 na karibu 200 za Jeshi la 14, zikiwemo za kamandi hii, ziliushambulia mji huo kwa mabomu ya moto. Maghala yaliungua kwa siku tatu. Ukanda wa mto uliungua nayo, na walioishi hapo walikuwa Wachina. Marubani wa Kichina waliokuwemo walijua wanachoma mji wa nani.

Usiku uliofuata, kamandi ilipoteza mmoja wa viongozi wake waliopendwa zaidi. William Reed, kijana wa Iowa, alikuwa amepigana na Simbamarara, akarudi kwao, kisha akaja tena China kwa hiari yake kuongoza Kikosi cha 7 na baadaye Kundi zima la 3. Aliporejea Liangshan kutoka vitani giza lilikuwa limeingia, na uwanja ulikuwa umezimwa taa kwa tahadhari ya ndege za adui. Alizunguka juu mpaka petroli ikamwishia, akaruka, asipone. Wachina aliowaongoza walimlilia kama wenzake wa Marekani walivyomlilia.

Zhijiang

Mwaka 1945 mambo yaligeuka. Ndege za P-51 zilianza kuchukua nafasi ya P-40, njia ya nchi kavu kutoka Burma ilifunguliwa tena, na Wajapani walikuwa wanaishiwa ndege na petroli. Walijaribu mara ya mwisho kusonga mbele Aprili mwaka huo, na shabaha yao ilikuwa uwanja wa Zhijiang.

Hapo ndipo kamandi ilipofanya kazi kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Marubani wa Kundi la 5 walipaa kutoka uwanja uliokuwa ukitafutwa na adui, wakashambulia kwa bunduki na mabomu ya moto wa napalm katika mabonde ya karibu, wakarudi kujaza na kupaa tena, mara kadhaa kwa siku. Askari wa miguu wa China walikuwa na watu wa redio mstari wa mbele waliowaonyesha marubani mahali pa kupiga, na aliyekuwa angani aliweza kuongozwa kwa Kichina bila kupitia mtu wa tatu. Kufikia mapema Juni Wajapani walikuwa wamerudi walikotoka. Uwanja wa Zhijiang haukutekwa.

Baada ya Japani kukubali kusalimu amri, ujumbe wa Imai Takeo, naibu mnadhimu mkuu wa majeshi ya Japani nchini China, ulielekezwa kutua kwenye uwanja huohuo ambao Wajapani walitaka kuuteka. Ilikuwa tarehe 21 Agosti 1945. Ndege yake ilisindikizwa na P-51 zenye jua la China mabawani, ikatua mbele ya umati. Katika mazungumzo ya siku mbili zilizofuata walipangiwa namna ya kuweka silaha chini, na sherehe rasmi ikafanyika Nanjing tarehe 9 Septemba.

Siku 10 baadaye, tarehe 19 Septemba 1945, Kamandi ya Mseto ilivunjwa. Hesabu zake zilitaja ndege 190 za adui zilizoangushwa angani na 301 zilizoharibiwa ardhini. Hesabu za namna hiyo katika vita vyovyote huwa na chumvi kidogo, na Wajapani waliandika tofauti. Kisichokuwa na ubishi ni kwamba makundi yote matatu, pamoja na ndege, karakana na watu wake, yalikabidhiwa kwa Jeshi la Anga la China na hayakusimama. Wamarekani walifunga virago. Vikosi viliendelea kuruka.

Baada ya kuvunjwa

Viliruka kwenda kwenye vita vingine. Mwaka 1946 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilirejea kati ya serikali ya Chiang na Wakomunisti, na marubani waliofunzwa kuilinda China dhidi ya mvamizi waliamriwa kuwapiga Wachina wenzao. Wengine walitii, wengine waliacha, wachache walihamia upande wa pili na ndege zao. Mwaka 1949 serikali ikakimbilia Taiwan, na orodha ya majina iliyokuwa moja ikakatwa vipande viwili na bahari.

Waliobaki bara, au waliorudi huko kwa mapenzi ya nyumbani, walikuta medali za Marekani zimegeuka ushahidi dhidi yao. Wu Qiyao, mzaliwa wa Fujian na rubani wa Kundi la 5, alirejea bara, akapelekwa kambi za kazi ngumu kwa miaka mingi. Alipotoka alijipatia riziki Hangzhou kwa kuendesha guta la kubebea mizigo. Mtu aliyewahi kurusha ndege ya kivita juu ya Hunan alikuwa akikanyaga pedali mitaani, na majirani hawakumjua. Alisafishwa jina katika miaka ya 1980 na kufariki mwaka 2010, wakati huo akipokelewa kama shujaa kila alikokwenda. Kwenye nafsi yake moja mtu anaweza kuisoma safari nzima ya kumbukumbu hii: sifa, fedheha, ukimya, kisha sifa tena.

Leo kumbukumbu hiyo ina nyumba kadhaa. Zhijiang kuna tao lililojengwa mwaka 1947 kuadhimisha kusalimu amri kwa Wajapani, na jumba la makumbusho la marubani. Kwenye mlima Zijin mjini Nanjing, kuta za mawe zimechorwa majina zaidi ya 3,000 ya wanaanga waliokufa, Wachina, Wamarekani na Warusi. Na Taiwan, makundi ya 1, 3 na 5 hayakufa. Yamekua yakawa kamandi kamili za jeshi la anga la kisasa, na huko Hualien Vikosi vya 17, 26 na 27 bado vinatumia namba zilezile za enzi za P-40.

Kila upande una sababu zake za kuadhimisha. Beijing huzungumzia urafiki wa watu wa China na Marekani, Taipei huzungumzia ukoo wa jeshi lake, na Marekani hukumbuka zaidi Simbamarara, ambao walitangulia na kuvuma kuliko kamandi hii. Lakini taasisi hii ilikuwa na jambo lake ambalo Simbamarara hawakuwa nalo. Iliundwa ili nusu yake ifike siku isihitajike, na Wamarekani walioianzisha waliyakubali masharti hayo tangu siku ya kwanza. Kwa kipimo hicho ilifaulu: ilimkuta rubani wa Kichina hana ndege, ikamwacha anaongoza makundi matatu. Atazitumia nguvu hizo kwa lipi na dhidi ya nani, hilo halikuwa kwenye mkataba wa wale wawili, na Wachina waliachiwa walimalize wenyewe, mpaka leo.